Kukhu Alisema Wembe, Hakusema Mashine

Wakati bado niko mtoto wa kama miaka kumi, tukikaa kwa ploti ya vyumba sita hapo Burumba, Busia, karibu na mpaka wa Uganda, kulikuwa na kichwa kimoja kwa nyumba yetu chenye hakuna mtu aliruhusiwa kunyoa. Vichwa vingine vyote vilikuwa vya mtu yeyote. Changu Mama alikuwa anakinyoanga na makasi ya kukata kitambaa, kwa mlango, huku akiongea na jirani, ndio maana mpaka leo sikio langu la kushoto liko na kaalama. Baba alikuwa ananyolewa huko Malaba, alikokuwa anashusha mizigo kwa malori, anarudi mwisho wa mwezi kichwa kinang'aa kama sahani. Lakini kichwa cha ndugu yangu mdogo, Makokha, hicho kilikuwa cha Kukhu peke yake.

Kukhu ni nyanya yetu, mama ya Baba. Alikuwa anakaa Busibwabo kwa shamba. Na kwetu jina kama Makokha, jina la mtoto wa kuokotwa kwa majivu, mtoto hapewi tu hivi hivi. Mama alikuwa amezaa vijana wawili kabla yake. Mmoja alimaliza wiki, mwingine akafika kutambaa, wote wakaenda. Huyu wa tatu alipotoka, Kukhu alimchukua hata hajaoshwa, akamweka juu ya majivu pale kwa takataka, akaondoka kama mtu ametupa kitu haina maana. Halafu jirani mwenye walikuwa wamepanga naye akapita, akasema kwa sauti, "Nani ametupa hii? Wacha niokote." Akamrudisha kwa nyumba. Hiyo ndiyo njia ya kudanganya kifo. Kikija kuulizia mtoto wa Mama, kinaambiwa hapa hakuna mtoto, kuna kitu tuliokota kwa majivu.

Mimi nikihadithia watu hiyo nacheka mpaka nashika ukuta, juu naona kifo kimesimama kwa mlango kinajikuna kichwa. Lakini wakati huo hakuna mtu alikuwa anacheka.

Sasa nywele. Kukhu alisema nywele ya Makokha isiguswe mpaka jino lake la kwanza lidondoke. Siku hiyo atakuja mwenyewe na wembe mpya, amnyoe kwa mlango, aende azike hizo nywele kwa shina la ndizi Busibwabo, na hapo mtoto amekuwa wetu kabisa. Akamfungia ushanga moja mweusi pale kwa utosi. Na maneno yake hakuwa anaambia Mama, alikuwa ananiambia mimi, juu mimi ndio nilikuwa nalea.

"Wembe ya mtu mwingine ikipita hapa," aliniambia, kidole chake kikiwa juu ya huo ushanga, "hao ndugu zake wenye walienda watamwona. Wataanza kumwita na jina. Na mtoto akiitwa sana anaitika."

"Nitajuaje wameanza kumwita, Kukhu?"

"Utaona anaangalia mahali hakuna mtu."

Kila asubuhi nilikuwa namfungua Makokha mdomo kama mtu anayenunua ng'ombe, natingisha meno moja moja. Hakuna hata moja ilikuwa inacheza. Ako karibu miaka sita, meno yamekaa kama yamepigiwa misumari, na nywele imefika kwa mabega. Watoto wa ploti walikuwa wanamwita Sista. "Sista, njoo tukusuke matuta." Yeye alikuwa anacheka tu nao. Alikuwa anapenda sauti, huyo mtoto. Lori ikipita barabarani, anaiga. Bata anaiga. Mama akikohoa, anaiga mpaka Mama anageuka.

Halafu mapunye ikaingia. Zile duara nyeupe za kuwasha, zilianza nyuma ya sikio, zikapanda. Anajikuna mpaka anatoa damu. Jumatano mwalimu wa nasari akamrudisha na karatasi imepigiwa pini kwa shati: kichwa kinyolewe ndio arudi. Mama alikuwa anavukanga mpaka kila asubuhi kwenda ng'ambo kununua matoke, anarudi jua limelala, miguu imefura. Nikamsomea ile karatasi. Akasema, "Kukhu anakuja Jumamosi. Wacha yeye aseme."

Na hapa ndipo naanza kujificha uso mpaka leo. Ningengoja Jumamosi, si ndiyo? Shida ilikuwa Ijumaa. Ijumaa shule yetu ilikuwa inafunga, na kulikuwa na kuimba mbele ya wazazi, na mwenye kuanzisha wimbo ni mimi. Nilikuwa na sauti, hata sasa iko, uliza mtu yeyote Burumba. Na Makokha akikaa nyumbani, mimi pia nakaa nyumbani, juu hakuna mtu mwingine wa kumwangalia. Alhamisi nilikaa naye siku nzima kwa hicho chumba nikiimba peke yangu kwa hasira. Ikifika saa nane nikapata akili. Kukhu alisema wembe. Hakusema mashine.

Hiyo akili ilinifurahisha sana. Nikajiona mkubwa.

Kinyozi wetu alikuwa mtu wa Uganda, kila mtu akimwita Salongo juu alikuwa amezaa mapacha. Alikuwa anavuka asubuhi na baiskeli, mashine imefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga, anafungua kibanda chake cha mabati karibu na barabara ya mpaka. Ukutani kulikuwa na picha ya vichwa vya wanaume, kila kimoja na namba. Watu hawakuwa wanaeleza mtindo, walikuwa wanasema tu, "Nipige namba saba." Nilimpelekea yai mbili za kuku wangu mwenyewe, ndio asiende kudai kwa Mama.

Salongo alimkalisha Makokha juu ya ubao uliowekwa kwa mikono ya kiti. Akagawanya nywele na kitana, akaangalia. Halafu akaniangalia mimi.

"Nnyabo mdogo, hii kichwa mnaoshanga na nini?" Kwao nnyabo ni mama.

"Sabuni ya nguo."

"Ndio hiyo. Sabuni ya nguo ni ya nguo. Na mkiosha, mnakausha?"

"Inajikausha."

"Haijikaushi. Nywele kama hii inalala na maji usiku mzima, mapunye inafurahi, inaita wengine. Sikia. Mimi nitatoa nywele, lakini mimi si dawa. Mama yako aende kliniki apewe ile ya kumeza. Ya kupaka inakaa juu, na huyu mdudu anakaa kwa mizizi. Na asiazime mtu kofia. Taulo yake, kitana yake, kofia yake. Umesikia?"

"Nimesikia, Salongo."

"Nikimaliza yeye, mashine yangu italala kwa spiriti kabla igonge kichwa ya mtu mwingine."

Mimi nilitandika sweta yangu chini ya kiti, nikapiga magoti hapo na mikono imefunguka. Salongo akauliza nafanya nini. Nikamwambia nataka nywele yote, hata moja isibaki kwake. Hakucheka. Watu wa ng'ambo pia wanajua hizo vitu. Alisema tu, "Kale," yaani sawa kwa lugha yao, akafungua ushanga, akanipatia, nikauweka kwa mdomo ndani ya shavu ndio usipotee.

Mashine ikaanza. Makokha akaiga, nnnnnnn, mpaka Salongo akacheka. Nywele ilikuwa inaanguka polepole, nyekundu kidogo, laini kama ya mtoto mchanga, na mimi naidaka. Nilifurahi. Nilikuwa naona Ijumaa yangu inakuja.

Halafu stima ikapotea.

Hapo tu, katikati. Upande wa kulia uwanja wa mpira, upande wa kushoto msitu. Tukangoja. Salongo akatoka nje akaangalia nyaya kama zitamwambia kitu. Tukangoja tena mpaka kivuli cha kibanda kikafika barabarani. Akasema, "Hii inaweza kurudi kesho, inaweza kurudi Jumapili. Wacha nimalize na wembe."

Nilitema ushanga kwa mkono ndio niweze kuongea. "Hapana Salongo. Si wembe."

"Sasa umpeleke nyumbani hivi?"

Nikamwangalia Makokha. Alikuwa anajishika ile nusu imenyolewa, halafu ile nyingine, anacheka. Nikafikiria Mama akifika amkute hivyo. Nikafikiria wimbo. Sikusema ndiyo. Nilirudisha tu ushanga kwa mdomo nikapiga magoti, na Salongo akapasua wembe mpya kutoka kwa karatasi yake.

Katikati ya hiyo kazi mteja mmoja akafunua pazia kuuliza kama kuna stima. Upepo ukaingia naye. Nywele ikaruka kutoka kwa sweta yangu, nyingine ikaenda chini ya benchi, nyingine ikatoka nje kabisa barabarani. Nilikimbizana nayo. Nilirudi na kidogo. Kidogo haikuwa yote.

Jioni nilimvalisha Makokha kofia ya Baba ya sufu, nikaivuta mpaka nyusi. Nywele na ushanga nikaweka kwa kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda. Mama alirudi, akakula, akauliza kofia ni ya nini. Nikasema anasikia baridi. Mama akasema, "Mwache nayo basi," akalala. Mtu amebeba matoke siku nzima hawezi kukagua kofia.

Ijumaa asubuhi Makokha aliamka na joto.

Nataka kuandika hapa vile ilikuwa, juu sijawahi kuambia mtu. Nilimgusa shingo na nikajua. Mtoto analea mtoto anajua joto ya kawaida na joto ingine. Mama alikuwa bado hajatoka, alikuwa anafunga leso pale mlangoni. Ningesema, "Mama, Makokha anachomeka," angekuja, angetoa kofia ampime kichwa na mkono vile anafanyanga. Angeona. Kwa hivyo sikusema. Mama akaenda. Mimi nikampeleka Makokha nasari na joto yake, na nikaenda nikaimba. Niliimba vizuri, watu wakapiga makofi. Nilipomrudia alikuwa amelala kwa meza, kofia imelowa jasho, mwalimu akasema amechoka na sherehe.

Usiku huo Mama aliuliza mbona halii njaa. Nikasema amekula mapema.

Jumamosi ni siku ya soko, Mama alitoka mapema kabisa. Kukipambazuka Makokha alikataa uji. Akasema shingo inauma. Akasema nifunge mlango, mwangaza inamchoma. Halafu akatapika. Nikampangusa, nikamlaza, nikakaa hapo nikimwangalia, na nikaona anaangalia pembe ya juu ya ukuta, pale hakuna kitu. Anaangalia, anaangalia, kama mtu anasikiliza.

"Makokha, unaangalia nani?"

Macho hayakutoka hapo.

Basi mimi nikajua wameanza kumwita. Na kwa akili yangu ya mtoto nikajua pia ni kwa sababu gani: ni ile nywele ilitoka na upepo. Ningekuwa na nywele yote kwa kopo, hakungekuwa na njia ya wao kupitia. Nikamfungia kwa nyumba na komeo ya nje, huyo mtoto mgonjwa, peke yake, nikakimbia kwa Salongo.

Salongo alikuwa na mtu kwa kiti, povu imejaa kwa kidevu.

"Nipatie nywele ya Makokha."

"Si ulibeba?"

"Ile ilienda chini ya benchi."

"Nilifagia. Iko huko nyuma na za wengine." Halafu akaweka wembe chini. "Mbona unalia?"

"Anaitwa."

"Anaitwa na nani? Ni mgonjwa? Ana joto?"

Nikatingisha kichwa kusema ndiyo.

"Tangu lini?"

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimeanza kuzoea kunyamaza.

"Nnyabo, wacha nywele. Nywele si kitu saa hii. Mama yako ako wapi?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshazunguka nyuma ya kibanda. Kulikuwa na rundo la nywele kubwa kama mbuzi amelala. Nywele ya wiki nzima, ya watu wa mpaka wote, ya mabroka wa pesa, ya mapolisi, ya wasukuma mikokoteni, nyeusi, ngumu, na nyeupe ya wazee. Nikaingiza mikono mpaka viwiko nikaanza kutafuta laini, nyekundu kidogo. Nilipata nyuzi kama tano. Nikapata tena tatu. Inzi zilikuwa kwa uso wangu na nywele ya wanaume wageni imenishika kwa kamasi na kwa machozi, na mimi nahesabu, hii ni yake, hii si yake, hii ni yake. Sijui nilikaa hapo muda gani. Hiyo ndiyo kitu inaniamsha hata sasa, si kingine. Sijui nilikaa hapo muda gani.

Nilipofika ploti, mlango ulikuwa wazi. Kukhu alikuwa amefika, kikapu chake kimewekwa chini, ndizi zimemwagika. Amekaa kwa kitanda, Makokha kwa mapaja yake, mgongo wa mtoto umekakamaa kama ubao. Kofia ya Baba iko sakafuni.

Alikuwa ameona kichwa. Kimenyolewa chote, safi, na alama ndogo za wembe.

Mimi nilisimama hapo nimefunga ngumi na zile nyuzi nane. Nilikuwa nangoja anipige. Nilikuwa nataka anipige, halafu achukue kopo, afanye chenye kinafanywanga, aseme maneno, mtoto ageuze macho kutoka kwa hiyo pembe. Hiyo ndiyo nilikuwa namwamini nayo.

Kukhu hakuuliza kitu ya nywele. Aliniangalia mara moja, akaangalia ngumi yangu, akasema, "Tupa hiyo. Lete leso." Akamfunga mtoto kwa mgongo, kichwa kikaanguka nyuma, akakirudisha, akatoka mbio. Mwanamke wa umri wake, bila viatu.

Na hapo kwa geti tukagongana na Salongo kwa baiskeli yake. Alikuwa ameacha mteja na povu yake akanifuata. Kukhu hakumjua. Aliona tu mtu na baiskeli, juu Busia kila mtu na baiskeli ni wa kubeba watu. Akapanda nyuma. "Hospitali, baba, kimbiza."

Salongo akakimbiza. Mimi nikakimbia kando nimeshika kiti. Na Kukhu, njia yote, alikuwa anamlaani kinyozi. "Nikimpata huyo amepitisha wembe kwa huyu mtoto. Mikono yake ikauke. Mashine yake imkate yeye." Na Salongo anakanyaga, jasho linamwingia kwa macho, anajibu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Hapo nikifika nikihadithia, watu wanaanguka chini, hata mimi nacheka mpaka nalia. Watu wanafikiri ni kucheka tu.

Daktari alikuwa kijana. Alimkunja Makokha shingo, ikakataa. Akasema ni homa ya uti wa mgongo, wakamdunga, wakamwekea maji. Halafu akageuka kwetu na kalamu.

"Joto ilianza lini?"

Kukhu akasema, "Leo. Mimi nimemkuta hivi leo."

Daktari akaandika. Nilikuwa hapo, urefu wangu ulikuwa unafika kwa meza yake. Nilikuwa nimejua tangu Ijumaa asubuhi. Nilifungua mdomo, na Kukhu akashika mkono wangu, mkono wenye ulikuwa bado na nywele imeshikana na jasho, na nikafunga mdomo. Baadaye nilisikia daktari akimwambia nesi kwamba hii ugonjwa, siku moja ni kitu kubwa.

Kukhu alimuuliza, polepole, kama inaweza kuletwa na kunyolewa. Daktari akasema hapana mama, hii haiji na nywele. Kukhu akakubali na kichwa. Nilimwona. Alikubali tu hivyo, kama mtu ameambiwa bei ya kitu. Mimi ndio sikukubali.

Makokha hakufa. Alikaa huko karibu mwezi. Siku tumemrudisha nyumbani Mama aliangusha kifuniko cha sufuria nyuma yake, kile kikubwa, sisi wote tukashtuka. Yeye alikuwa anacheza na vifuniko vya soda. Hakugeuka. Mama akaokota, akaangusha tena. Akaokota, akaangusha tena. Halafu akakaa chini hapo hapo na hicho kifuniko kwa mapaja.

Mtoto mwenye alikuwa anaiga lori na bata.

Kukhu ndiye alimnyamazisha Mama. Alisema, "Sasa hata hao wakimwita namna gani, hawezi kusikia. Amebaki kwetu." Mama akashika hayo maneno kama kamba. Mimi sikupata cha kushika. Jino la Makokha la kwanza lilidondoka wiki tatu baadaye, nikalikuta kwa uji wake. Kukhu alichukua lile kopo chini ya kitanda, na zile nyuzi nane nilikataa kutupa nikaziongeza ndani yake, akaenda kuzika kwa ndizi. Hakuniuliza lolote juu ya siku joto ilianza mpaka alipokufa. Nilifikiri kwa miaka mingi ni kwa sababu hakujua.

Siku hizi Makokha ndiye kinyozi. Alisoma shule ya viziwi, halafu Salongo akamfundisha kazi, na kibanda chake kiko Malaba pale malori hulala foleni siku tatu. Madereva wanatoka huko kote, Rwanda, Kongo, Sudani, wanaongea lugha hujui hata zinaanzia wapi, na yeye ndiye kinyozi wa Malaba mwenye hana haja ya lugha. Wanaonyesha picha na kidole. Mkono mmoja uko na mashine, ule mwingine umelala kwa fuvu la mtu, anasikia kwa kiganja kama mashine inakula vizuri. Vijana wanataka pembeni kuchongwe mpaka ngozi, juu kubaki kama paa, na ncha zipakwe dhahabu. Wazee wanakuja kupaka ndevu dai, ile rangi nyeusi, waende matanga wakikaa wachanga. Shauri lake ameandika kwa kadibodi ukutani, mwandiko mzuri kunishinda: *Kausha kichwa kabla ya kulala. Dai haiingii kwa kidonda. Matuta ikiuma imevutwa sana, itakula nywele ya mbele. Mapunye ni ya daktari. Kofia yako ni yako.*

Mimi hukaa hapo kwa benchi nikipiga domo na wateja. Yeye hasikii kicheko changu, lakini anasema kwa mikono kwamba anajua nimefika juu vichwa vyote vinageuka na anaharibu mstari wa nywele.

Na kuna kitu moja anafanya chenye vinyozi wengine hawafanyi. Akimaliza mtu, anafagia nywele yake peke yake, kabla ya mwingine kukaa. Anafunga kwa kipande cha gazeti, anampatia mwenyewe abebe. Madereva wanapenda sana hiyo, hakuna mtu anataka kuacha nywele yake kwa mpaka. Wanafikiri ni ujanja wa biashara. Mimi nilimuuliza alijifunza wapi. Alinionyesha na kidole, mimi. Halafu akapiga magoti hapo kwa sakafu, akafungua mikono, akaanza kudaka hewa.

Alikuwa anakumbuka. Alifikiri ndivyo kunyoa kunafanywa.

Mwaka huu tumemzika Mama, Busibwabo. Siku ya tatu tulinyolewa wote, vile inafanywanga, na mwenye kunyoa alikuwa Makokha, chini ya paa la jikoni, mashine ya betri. Zamu yangu ikawa ya mwisho. Watu walikuwa wameenda kula. Mama hayuko tena, Kukhu hayuko. Hakuna mtu mwingine ningeweza kumwumiza. Akanyoa upande wa kulia, nikamshika mkono, akasimamisha mashine. Nikachukua simu yake nikaandika, na unajua mimi kuandika ni shida: *Ijumaa asubuhi ulikuwa na joto. Nilijua. Nilinyamaza juu ya kofia. Nikaenda kuimba.*

Alisoma. Alisoma kwa muda mrefu kwa maneno machache hivyo. Niliangalia uso wake, sikuona kitu cha kusoma. Kiganja chake kilikuwa bado kwa kichwa changu, na mimi nilikuwa nalia mpaka nina hakika alisikia kwa huo mkono.

Halafu akaweka simu kwa benchi, akawasha mashine, akanyoa upande wa kushoto. Akapita polepole pale kwa kaalama ka Mama. Akafagia. Akafunga nywele yangu kwa gazeti, nikanyosha mkono nipokee kama mtu mwingine yeyote.

Hakunipatia. Aliweka kwa mfuko wa shati yake, akafunga kifungo, akaenda kula.

Sisi tunajua mwenye ameshika nywele yako ameshika maisha yako. Ni miezi sasa. Naenda pale Malaba kila wiki, nakaa kwa benchi yangu, nacheka, vichwa vinageuka, na sijamwuliza aliiweka wapi. Alizika, alichoma, ako nayo bado, sijui. Mimi nilishika yake kwa ngumi nilipofaa kumshika yeye. Wacha hii ikae kwake.